Saa 10 kwenye meseji siyo saa ya kufika: msiba wa huku Tanga unavyokwenda

Swali: Shikamoo mama. Mi ni mwalimu, nimehamishiwa Tanga mwaka huu natokea Tabora, ni Mnyamwezi na kwetu ni Wamoravian. Mwezi uliopita mwalimu mwenzetu kafiwa na baba yake, ni Wazigua wa Handeni ila wanakaa Makorora. Kwenye grupu la shule iliandikwa mazishi leo saa 10 jioni. Tukachangishana tukanunua shada la maua, tukafika saa 10 na dakika chache mimi na mume wangu na walimu wengine, tunakuta wanaume hakuna, wanawake wamejaa ndani, tunaambiwa wameshaenda. Mwili hatukuuona, wasifu hatukusikia, ibada hatukuiona. Halafu kuna mama kavaa koti na kofia ya marehemu anatembea kama yeye huku anakohoa na watu wanacheka, mi nikaona ni dharau nikanyamaza. Sasa tumeambiwa kuna arobaini. Naomba unieleweshe msiba wa huku unakuwaje, nivae nini, nibebe nini, mume wangu akae wapi, na hiyo arobaini sisi Wakristo tunaruhusiwa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni. Nianze na hiyo saa 10 maana ndo iliyowaponza, na wageni wengi inawaponza hiyohiyo.

Saa 10 ile ni Alasiri. Huku ukiandikiwa mazishi saa 10 maana yake maiti anaswaliwa msikitini mara tu baada ya sala ya Alasiri, na sala yenyewe ndo iko kwenye saa hizo, kwa hiyo jeneza lilishatoka nyumbani saa 9 na nusu au kabla ya hapo na wanaume wote wamelifuata, nyinyi mmefika saa ya kuswaliwa sasa mtamkuta nani nyumbani? Ukiona saa 7 jua ni Adhuhuri, hesabu ni ileile. Siku nyingine usiulize ibada inaanza saa ngapi, utajibiwa ovyo kwa sababu aliyeulizwa hajui unaulizia kitu gani. Uliza hivi, jeneza linatoka saa ngapi na anaswaliwa msikiti gani. Halafu we fika saa moja au mbili kabla, na kama ni mtu wa karibu nenda asubuhi ileile uliyopata habari, hata kama hujaoga vizuri.

Na msishangae haraka yenyewe. Waislamu maiti hacheleweshwi, mtu akifa usiku anazikwa mchana wake, akifa asubuhi anazikwa jioni, kikichelewesha ni kibali cha kuzika kama kafia hospitali ya Bombo na ndugu hawajakamilisha makaratasi, au kuna mtoto yuko Dar kaomba asubiriwe, na Dar ni kilomita kama 350 hivi, basi ni masaa sita na zaidi, ndo hapo utasikia wazee wanavutana ubarazani, mmoja anasema tumsubiri kijana mwingine anasema maiti hasubiri mtu. Mara nyingi anayeshinda ni wa pili. Nyie kwenu Tabora msiba unaweza kulala siku tatu nne mwili uko mochwari mnapanga ratiba, kamati, jeneza la kununua, suti, sisi kamati yetu inakaa dakika kumi na kazi inaanza.

Sasa nikueleze kinachofanyika mle ndani kabla jeneza halijatoka, maana hii ndo sehemu ambayo mgeni haoni na akishaijua hatauliza tena mbona hatukuaga mwili. Mi naosha maiti wa kike hapa Ngamiani miaka mingi, hizi ninazokwambia ni kazi za mikono yangu. Maiti ana haki nne kwa walio hai, kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa na kuzikwa, na wakifanya baadhi ya watu basi mtaa mzima umesalimika, asipofanya mtu dhambi ni ya wote. Mwanaume anaoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, isipokuwa mume na mke wanaweza kuoshana. Tunazungushia shuka, mwili unafunikwa kuanzia kitovu mpaka magoti muda wote, unaoshwa kwa mkono uliovikwa kitambaa, maji ya kwanza yana majani ya mkunazi yaliyopondwa au sabuni, na maji ya mwisho yanatiwa karafuu maiti kidogo. Hiyo harufu kali ya baridibaridi uliyoisikia ukiingia uani, iliyochanganyika na udi, ndo hiyo. Ukishaisikia mara moja hutaisahau, wapo watu wazima hawawezi kuisikia mpaka leo bila machozi kuwatoka.

Halafu sanda. Bafta nyeupe, mwanaume vipande vitatu, mwanamke vitano, yaani shuka ya chini, kanzu, mtandio wa kichwani na shuka mbili za kuzungushia. Tajiri na maskini bafta ni ileile, hakuna suti hakuna viatu hakuna pete. Pamba inawekwa penye kuwekwa, mafuta mazuri kidogo, mwili unafungwa kwa vipande vya kitambaa hichohicho. Kabla ya kufunika uso ndo watoto wake na ndugu wa damu wanaitwa waangalie kwa mara ya mwisho, nyumba nyingine wanaruhusu nyingine hawapendi. Kwa hiyo kuaga kupo, ila ni kwa watu wa ndani na ni dakika chache tu. We mgeni usiombe kuingia. Ukiitwa, ingia, tazama, toka. Na simu iache kwenye pochi, nasema hivi kwa sababu siku hizi kuna watu wanapiga picha ya maiti kwenye sanda wanaweka stetasi, hilo mi sijui wamelitoa wapi, mtu kafichwa aibu zake zote tangu alfajiri halafu we unamtoa hadharani.

Jeneza la huku siyo la kuzikiwa. Ni la kubebea tu, mara nyingi ni la msikiti, maiti anatolewa anazikwa na sanda yake, jeneza linarudi kumsubiri mwingine. Ndo maana na shada lenu la maua halikuwa na pa kukaa. Najua mlitoa kwa moyo safi na bila shaka walilipokea vizuri, lakini pesa ile ya shada ingenunua mchele na sukari ikafanya kazi palepale.

Mume wako sasa. Yeye akifika asiingie ndani, wanaume wanakaa nje, ubarazani, kwenye mabenchi au majamvi chini ya turubai, baiskeli zimeegeshwa ukutani maana wazee wetu wa Tanga bila baiskeli hawaendi popote. Apite kwa waliokaa anawapa mkono mmojammoja kama wapo wachache, wakiwa wengi atoe salamu ya jumla, "poleni na msiba", watamjibu "tushapoa" au "ndo kazi ya Mungu", anakaa. Basi. Akikuta jamvi avue viatu. Asianze kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini, watu watamweleza wenyewe, tena watamweleza mpaka achoke.

Jeneza likitoka anasimama kama wanavyosimama wenzie na anafuata. Utaona watu wanalikimbilia kwa mabega, huyu anaingia huyu anatoka, kila mtu anataka hatua zake mbili tatu maana kubeba kuna thawabu, wanakwenda mbio kiasi huku wanasema Laa ilaha illa Llah. Mkristo akitaka kutia bega hapa kwetu sijaona akizuiwa, lakini kama hana uzoefu atembee nyuma tu, zile kona za vichochoro zitamwangusha. Msikitini yeye abaki nje. Wenzake wataswali Alasiri yao kwanza, halafu sala ya maiti, na hii ni fupi sana hata dakika tano mara nyingi haifiki, wamesimama tu mwanzo mpaka mwisho hakuna kuinama wala kusujudu, takbira nne, yaani Allahu Akbar mara nne, ya kwanza wanasoma Alhamdu, ya pili wanamsalia Mtume, ya tatu wanamuombea maiti, ya nne dua kidogo na kutoa salamu. Ibada uliyokuwa unaitafuta ndo hiyo. Hakuna kwaya, hakuna mahubiri marefu, wasifu hausomwi.

Kuna jambo moja linasemwa hapo ambalo nataka mume wako alisikilize. Mara nyingi kabla ya kuswaliwa, mtoto mkubwa au kaka wa marehemu anasimama anasema, jamani mzee wetu kaishi na nyinyi, kama kuna aliyemkosea tunaomba amsamehe, na kama kuna mtu anamdai aje kwetu familia tutalipa. Watu wote kimya. Mtu wa bara anaweza kuona ni maneno ya desturi tu, siyo, deni la maiti ni zito kwetu na linalipwa kabla mali haijagawanywa, wapo waliokuja kesho yake na daftari la duka wakalipwa.

Makaburini kama ni karibu wanakwenda kwa miguu, kama ni mbali kunakodiwa kirikuu au Fuso na watu wanapanda juu. Kaburi limechimbwa na vijana wa mtaa tangu asubuhi, kwa ndani linakuwa na mwanandani, yaani tundu la ubavuni, humo ndo maiti analazwa. Wanashuka wanaume wawili watatu wa ndugu, juu watu wanashika shuka wanaitandaza mdomoni mwa kaburi ili asionekane anavyopokelewa, maiti wa kike ndo hasa linatiliwa mkazo. Analazwa ubavu wa kulia uso unaelekea kibla, na kibla kwetu huku ni kaskazini, zile kamba za sanda zinalegezwa, shavu linagusana na udongo. Mbao zinapangwa, udongo unaanza. Kila mtu anatupa konzi tatu kwa mkono, mume wako akitaka naye atupe. Wengi wanachuchumaa, shehe anakaa usawa wa kichwa anasoma talkini, yaani maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, inafuata dua, watu wanaitikia amin. Yeye akae kimya na heshima, inatosha, mikono akiinua sawa asipoinua sawa. Mwisho msemaji wa familia anashukuru, anatangaza hitima, yaani kisomo cha kumuombea marehemu, ni lini, wafiwa wanasimama watu wanapita kuwapa mkono. Hapo ndo mnapeana pole kweli, na wengi wanaondokea hapohapo kurudi kazini. Asione ni utovu wa adabu.

Wewe hutaenda makaburini. Wanawake huku hatuendi kuzika, tunabaki nyumbani, na usichukulie kama umebaguliwa maana msiba wenyewe ukitaka kuujua uko huku kwetu ndani.

Ukifika, ingia kwa mlango wa uani kama unaujua au fuata wanawake wenzio. Vua viatu, na uviweke pembeni kabisa ukutani, la sivyo utarudi nyumbani na ndala za mtu. Ndani utakuta mikeka imetandikwa, viti vimetolewa, wafiwa wamekaa chini, na we kaa chini hata kama umekuja na gari. Kaa karibu na mwenzako mshike mkono, mwambie pole, Mungu awape subira. Maneno mengi ya nini? Kukaa kwako pale nusu saa bila kusema kitu kunahesabiwa. Kama wanasoma Yasini nyamaza mpaka wamalize. Kulia lia, hakuna anayekataza machozi, ila yale mayowe ya kujigaragaza na kujipiga hayatakiwi kwetu, ukiona bibi kakushika bega anakwambia subira mwanangu, subira, jua anakwambia punguza sauti.

Saa ya jeneza kutoka ndo ngumu. Mlango unafunguliwa, wanaume wanaingia kulichukua, sisi tunasogea ukutani, na kilio kinapanda hata kwa waliokuwa wamenyamaza tangu asubuhi. Binti wa marehemu anashikwa na wawili maana wengine wanataka kulifuata mpaka nje. Wamama wenye nguvu wanakaa mlangoni. Likishapinda kona, kunakuwa na ukimya kidogo, halafu utasikia mtu anaita kutoka uani "jamani nazi zinakunwa saa ngapi?"

Hapo ndo pako. Wafiwa hawapiki, mtaa ndo unapika, na kuna watu mia wanarudi kutoka makaburini wana njaa. Usisimame na pochi yako begani unauliza nisaidie nini, hakuna mwenye nafasi ya kukupangia. Ukiona mbuzi iko wazi kaa ukune nazi. Kama mbuzi hujaizoea, maana watu wa bara wengi nawaona wanakaa juu yake kama wamepanda pikipiki, achana nayo, chukua ungo uchambue mchele, au menya vitunguu, au osha sahani, masinia hayaishi kuoshwa siku hiyo. Nakuhakikishia mwenzako akija kutoka ndani akakukuta umejifunga kanga unamenya vitunguu saumu na mashangazi zake, hatakumbuka kabisa kama ulichelewa jeneza. Chakula cha siku ya kwanza usitegemee makubwa, wali maharage, chai ya rangi na maandazi, uji wa pilipili manga kwa wafiwa walioshindwa kula. Ukiletewa kula. Kukataa chakula cha msibani watu wanakitafsiri, na tafsiri zenyewe sizo nzuri.

Kuvaa, jifunike tu. Gauni refu au dera lisilobana, na kanga mbili, moja ya kiunoni moja ya kichwani, huhitaji kuvaa baibui kama siyo vazi lako na hakuna atakayekulazimisha. Rangi haina sheria, nyeusi si lazima, ila makucha ya kung'aa na marashi ya kufuata mtu mpaka chumbani yaache. Na kanga yenyewe soma jina kabla hujatoka! Nimeshaona mgeni kaingia msibani na "Hasidi hana sababu" imemkaa mgongoni, ye hana habari kaiokota kabatini, na nyumba ile ndugu walikuwa wana ugomvi wa kiwanja. Kila mwanamke aliyekaa mkekani aliisoma, wengine mara mbili. Nunua pea moja yenye dua au maneno ya Mungu iweke, ndo ya misiba. Mume wako shati na suruali ndefu, kanzu na kofia kama anazo na anapenda lakini si lazima, kaptula na vesti za mpira hapana.

Cha kubeba. Kuna ubani, yaani hela ya pole. Nje kwa wanaume kunakuwa na mtu na daftari, unatoa anaandika jina, ndani kwa wanawake kuna mama anapokea naye anaandika, na wengine wanaikunja ndogo wanamuachia mfiwa kiganjani wanapompa mkono. Zote ni sawa. Elfu mbili inaandikwa, elfu hamsini inaandikwa, hakuna anayerudisha. Mkichanga kama shule andikeni jina la shule na mkabidhi bila hotuba, mi binafsi sipendi ule mtindo ulioingia wa kusoma bahasha kwa kipaza sauti nani katoa nini, unamuumiza asiye nacho. Kama huna hela beba kilo mbili za sukari au mchele, pitia jikoni moja kwa moja.

Sasa yule mama wa koti na kikohozi. Yule ni mtani mwanangu, na siyo dharau hata kidogo. Wazigua wana watani wao na mtani msibani ana kibali cha kufanya ambacho mwingine akifanya atapigwa, anavaa nguo za marehemu, anamuigiza anavyotembea, anazuia njia mpaka apewe chochote, anawaambia wafiwa mnalia nini mzee alikuwa mchoyo. Watu wanacheka na machozi yanatoka hukohuko. Mashehe wengine hawapendi na kwenye nyumba za dini sana hutaona, lakini kwa watu wa Handeni na Pangani bado upo. Na zamani watani hawakuja kucheka tu, kazi nzito za msiba walizifanya wao, kwa sababu wafiwa wamelegea.

Halafu ngoja nikuchekeshe. Wewe ni Mnyamwezi, wenyewe Wazigua. Nyie ni watani! Utani wenu ni wa tangu karne ya 19, babu zako walikuwa wapagazi wa misafara kutoka Unyanyembe huko Tabora kushuka pwani, Saadani, Pangani, na njia inapita kwenye nchi ya Wazigua, wakagombana, wakapatana, ukabaki utani. Yaani siku ile ulikaa kimya pembeni umeshika shada unaona aibu, kumbe pale uani we ndo ulikuwa na haki ya kuficha sufuria na kudai ulipwe. Usianze tu mwenyewe kabla hujazoeleka, subiri wakikujua kabila watakuanza wao, na wakikuanza usikasirike wala usinune, jibu. Ukiambiwa "huyu Mnyamwezi kaja kula wali wa bure" we waambie umekuja kuhakikisha mzee kaenda kweli maana alikuwa na deni la babu yako.

Baada ya kuzika msiba haujaisha. Matanga yanakaa siku tatu, watu wanakuja jioni baada ya kazi, wanaume wanakaa nje na kahawa, wanawake wengine wanalala hapohapo kwenye mikeka. Kwa hiyo hata mtu akikosa kuzika akaja kesho yake hajachelewa kitu. Siku ya tatu inasomwa hitima, watu wanagawana juzuu 30 za Kurani kila mmoja anasoma yake kwa pamoja hivyo inakuwa Kurani nzima imesomwa kwa kikao kimoja, inaombwa dua, watu wanakula, matanga yanaanuliwa, kila mtu anarudi kwake.

Arobaini ni hivyohivyo, hitima na dua na chakula, mara nyingi pilau, na huwa watu wametulia zaidi, mnaweza hata kuongea. Mnaruhusiwa ndiyo, tena mkiambiwa mmealikwa hivyo nendeni. Wakati wa kusoma nyie kaeni nje kidogo au pembeni kwa adabu, hamshiki msahafu, dua ikiisha mnasogea kwenye sinia. Mtakula kwa mkono watu wanne watano sinia moja, kula upande ulio mbele yako usivuke kwenda kutafuta nyama ya mwenzio. Jambo moja tu la kuangalia, Tanga tuna watu wengi wa Answari Sunna, wao hitima na arobaini hawasomi wala talkini makaburini hawataki, wanasema siyo mafundisho ya Mtume. Kwa hiyo siku nyingine ukikuta msiba umezikwa na hakuna kilichotangazwa, usiwaulize mbona hamsomi arobaini, na ukikuta ndugu wa nyumba moja wanabishana juu ya hilo, we endelea na vitunguu vyako. Na msiba wa Mkristo wa huku usiuchanganye na huu, ukienda kwa Mbondei Mwanglikana kule Muheza utakuta ibada, nyimbo, jeneza la kuzikiwa na wanawake makaburini, utajiona uko kwenu.

La mwisho ni mama wa nyumba, mke wa marehemu, ambaye naona kwenye barua yako hukumtaja. Yeye yuko eda, miezi minne na siku kumi tangu siku mumewe alipofariki, kama hana mimba, maana mwenye mimba eda yake inaisha akijifungua. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haposwi, na wanaume ambao si maharimu zake, yaani ndugu asioweza kuolewa nao, hawaingii kwake, kwa hiyo mume wako atamsalimia kwa kupitia watoto. Lakini wewe unaingia. Siku ya arobaini nyumba inajaa na ye anakuwa na watu, siku anazokuwa peke yake ni zile za katikati, watoto wamerudi makazini, wakwe wamerudi Handeni. Pita siku ya kazi baada ya vipindi, piga hodi uani, mpelekee maandazi au robo ya majani ya chai, kaa naye. Hatakuambia mambo makubwa, atakuuliza shule inaendaje na kwenu Tabora mvua imenyesha. Mjibu, na Alasiri ikiadhiniwa muache aswali, we aga ukapande bajaji.